Nilimuuza Ndama wa Mwenzangu Nikalisha Shimo

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijajipamba. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, mama wa kanisa, wa kuketi benchi la mbele, na mikono hii ninayoandikia ndiyo iliyomvunja mkwe wangu mkono kwa mchi. Nilimvunja kwa sababu ya ndama. Na ndama mwenyewe hakuwa wangu!

Msinihurumie. Someni tu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta maneno yamekaa vibaya, yavumilieni. Majina nimeyabadilisha. Mkono sikuubadilisha, bado umepinda.

Sisi tuko Kikwe. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kahawa ilikuwa imeshatuvunja moyo, wanunuzi wanakuja kwa magari, na bei zao, mpaka mlangoni, chukua au acha. Huku maduka ya Usa River yamejaa vitu ambavyo ujanani hatukuviona: sabuni za kunukia, vitenge, redio za rangi. Na karo ya shule ikaanza kudaiwa kweli kweli. Basi kikundi chetu cha akina mama kikaletewa ng'ombe wa kisasa, wa maziwa. Hulipi pesa. Sharti lilikuwa moja: ndama jike wa kwanza si wako. Unamlea mpaka anaacha kunyonya, unamkabidhi mwenzako anayefuata kwenye orodha, naye atafanya vivyo hivyo kwa wa nyuma yake.

Tulimwita ndama wa mwenzio. Hata mtoto mdogo pale kwetu alijua: ndama wa mwenzio hauzwi, hachinjwi, hatolewi mahari.

Mimi nilikuwa wa kwanza kupata. Ng'ombe nikamwita Ruksa. Jamani, niliringa! Nilikuwa natembea barabarani kama nimemzaa mimi. Lakini nani alikuwa anamtunza? Mkwe wangu Eliakunda, mke wa mwanangu Zakayo. Ndiye aliyekata majani, akakatakata migomba, akasomba samadi, akakamua, akatembea na dumu la maziwa mpaka Makumira kuwauzia walimu. Maziwa hayo ndiyo yaliyomsomesha mjukuu wangu Neema. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama getini na kusema, "Ng'ombe wangu."

Ruksa akazaa jike. Aliyekuwa anafuata kwenye orodha ni jirani yetu Mama Samweli, mjane, mwenye mdomo na misuli. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwetu na magadi kidogo kafunga kwenye leso. "Hodi, nimekuja kumwona binti yangu!" Anamlambisha ndama mkononi mwake, anamkuna shingo, anaondoka. Alikuwa ameshajenga banda la bati, tupu. Watu wanamtania: "Mama Samweli kajenga nyumba, bibi harusi hajaletwa!" Yeye anajibu, "Cheka tu. Mwakani utakuja kuomba maziwa ya chai."

Sasa ngoja niwaambie shetani alipopitia.

Zakayo alikuwa Mererani, anachimba tanzanaiti. Kule mchimbaji hana mshahara. Kuna mtu analisha shimo: anatoa unga, maharage, mafuta ya jenereta, baruti. Wachimbaji wanakula na kuchimba, na siku jiwe likitoka wanagawana na aliyewalisha. Mimi nilikuwa nampa Zakayo debe la mahindi na kisado cha maharage. Lisipotoka jiwe, sifi njaa. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Akaja Komandoo. Ndivyo walivyomwita, msimamizi wa shimo, mtoto wa mjini wa Daraja Mbili, ana Land Rover kuukuu na cheni shingoni. Akakaa kwenye kigoda changu, akanywa maziwa ya Ruksa, akapangusa mdomo.

"Yeyo, mama yangu, unajua vijana wanaliitaje lile shimo?"

"Wanaliitaje?"

"Shimo la Bibi. Kwa heshima yako. Kila asubuhi kabla hawajashuka wanasema, leo Bibi atajibiwa."

Kichwa kikavimba papo hapo. Mimi, mwanamke wa jembe, nina shimo lenye jina langu! Mjini tulikuwa tunasikia vijana waliotoka na jiwe wanaosha matairi ya gari kwa bia. Nikaona na mimi naosha kwato za Ruksa kwa soda.

Nikamwambia, "Nipeleke nikalione."

Akacheka, akashika mikono yangu miwili. "Yeyo, mwanamke hasogei shimoni. Jiwe litakimbia."

Nikakubali! Mimi, ambaye nikinunua kuku mnadani nampapasa kifua kwanza, namfunua bawa, namchungulia mpaka mkiani! Nikaanza kulisha shimo ambalo sikuruhusiwa hata kulichungulia. Pesa ya kahawa ikaenda. Mahindi ya akiba yakaenda. Akiba ya karo ya Neema ikaenda. Kila akija Komandoo, jiwe liko karibu. Karibu, karibu, karibu, kama mlevi anayesema anaenda nyumbani.

Mwisho akaja na habari. "Tumeugusa mkanda wenyewe wa mawe, yeyo. Bado baruti na chakula cha mwezi mmoja. Usipoweka wewe, kuna mama mmoja wa Boma Ng'ombe anataka kuweka."

Mama wa Boma Ng'ombe aokote jiwe la kwangu? Nilikaa siku mbili najipigia hesabu za mwizi: nitamuuza Ruksa na ndama, jiwe litoke, Mama Samweli nitamnunulia ndama wawili badala ya mmoja. Atanishukuru! Nilikuwa naiba, na mdomoni najiita mfadhili.

Mnunuzi akaja asubuhi na pikapu. Ruksa akapandishwa, analia. Nikageuka kumfuata ndama. Eliakunda alikuwa amesimama mlangoni kwa banda, kamba ya ndama kaizungusha kiganjani mara tatu.

"Mama, Ruksa umeshamuuza, sawa, ana jina lako. Huyu si wako."

"Achia kamba."

"Ni wa Mama Samweli, Mama. Kila mtu anajua."

"Nimesema achia! Wewe ulikuja hapa na nini? Ulikuja na kanga mbili na njaa!"

Yule mnunuzi akacheka. Ndiyo, alicheka, na hicho kicheko kilinipanda kama pombe. Eliakunda hakuinua sauti. Akasema, "Nilikuja na mikono, Mama. Ndiyo inayokulisha."

Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka kupiga. Nilipiga hiyo mikono! Pigo la kwanza hakuachia. La pili nilisikia mfupa, ka! kama bua kavu la mahindi. Mkono ukaning'inia na kamba bado imejiviringisha kiganjani. Ndama alishtuka, akaruka, akauvuta ule mkono uliovunjika, na Eliakunda akaburutwa kwenye samadi anapiga yowe ambalo mpaka leo nikisikia mbuzi anachinjwa natoka nje.

Na mimi nilifanya nini? Niliinama nikaifungua kamba. Nikamkabidhi mnunuzi ndama. Nikapokea pesa. Neema alikuwa amesimama na dumu la maziwa, ananitazama. Hakulia. Aliweka dumu chini polepole, akaenda kumwinua mama yake.

Mama Samweli alifika kabla vumbi la pikapu halijatulia. Hakuja na magadi. Alinikuta jikoni, akanivuta kwa kilemba mpaka nje, akanisugua uso kwenye ukuta wa banda langu, sasa tupu. "Mwizi! Mwizi wa benchi la mbele!" Nikamkwaruza macho. Akanishika sikio kwa meno. Alipoachia alitema mate na damu, na ndewe yangu ya kushoto ikabaki kwenye samadi. Hereni nilikuwa nimevaa, ya dhahabu. Sikuiona tena.

Akina mama wa kikundi walisimama wanatazama, hakuna aliyeamua ugomvi. Wala siwalaumu. Walikuwa wengi kwenye ile orodha, na nilikuwa nimeikata.

Eliakunda alichukuliwa na kaka yake, yeye na Neema. Mfupa uliungwa na mganga wa mifupa wa kijijini kwa vijiti na vitambaa, kwa sababu pesa ya hospitali ilikuwa imekwenda kununua baruti. Ukaungana vibaya.

Mwezi haukuisha. Zakayo akarudi. Nilidhani ni mgeni, uso ulikuwa umevimba, meno ya mbele hayapo, paji la uso limeshonwa kama gunia. Kule mashimo mawili yakikutana chini ya ardhi wanaita mtobozano. Baruti yangu ilikuwa imetoboa ukuta, na upande wa pili kulikuwa na wachimbaji wa shimo la jirani. Kila upande ukasema mkanda ni wake. Wakapigana mle ndani, hatua mia chini, tochi zimezimwa, kwa nyundo na tindo, mtu hajui anampiga nani. Wenzao wakachoma tairi mdomoni mwa shimo ili moshi uwatoe. Vijana wawili walitolewa kwa kamba, wamekufa. Mmoja Zakayo alikuwa amekula naye ugali asubuhi hiyo. Ugali wa ng'ombe wangu.

Nikamuuliza, Mungu anisamehe, swali la kwanza nililomuuliza mwanangu lilikuwa, "Na Shimo la Bibi je?"

Akanitazama kwa jicho moja lililokuwa linafunguka. "Mama, hilo shimo halina jina lako. Lina jina la kila aliyelilisha. Yule mama wa Boma Ng'ombe naye aliambiwa ni Shimo la Mama. Na padri mmoja mstaafu, aliambiwa ni Shimo la Baba."

Halafu akauliza, "Eliakunda yuko wapi?"

Nikamwambia. Mwanangu hakunipiga. Aliuchukua ule mchi, akauvunjia kwenye jiwe la kunolea, akapiga mpaka vibanzi vikamchoma mikono, akaondoka kwenda kwa shemeji yake. Akanyamaza nami mwaka mzima.

Mimi nikaona bado nina adui wa kumlaumu. Nikafunga panga kwenye kanga, nikaenda Daraja Mbili kumtafuta Komandoo. Nilimkuta anacheza bao. Nikampiga bapa la panga shavuni, cheni ikakatika. Wenzake wakaninyang'anya panga, wakanitupa kwenye mtaro, mtu mzima mimi, kanga ikabaki juu. Komandoo akachuchumaa ukingoni, damu inamtoka, wala hakutukana.

"Yeyo, kwani nilikushika mkono?"

Hilo neno liliniuma kuliko sikio. Hakunishika. Mkono ulioshikwa na kuvunjwa ulikuwa wa Eliakunda, na aliyeuvunja ni mimi.

Neema alipoteza mwaka mzima wa shule, anauza ndizi mnadani. Mtoto niliyekuwa namtangaza kanisani kwamba atakuwa mwalimu! Kanisani nilihamia benchi la nyuma, hakuna aliyeniambia nihame.

Sasa sikieni. Kikundi hakikufa. Mama Samweli alisubiri, akapata ndama wa mwanachama mwingine, akamlea, akazalisha jike. Siku ya kumpitisha alimvuta kwa kamba, nikamwona anakuja njia ya kwetu. Nikatoka, nikadhani anapita. Eliakunda na Zakayo walikuwa wamesharudi, wamejenga kibanda chao ng'ambo ya migomba. Akapita mlangoni kwangu bila salamu, akamkabidhi Eliakunda kamba. Kisha akageuka kwangu.

"Orodha imeandikwa jina lake. Wewe kamba hii usiiguse mpaka unakufa. Majani unaruhusiwa kukata."

Basi nakata majani. Miaka yangu hii, mundu kiunoni, nakata majani ya ng'ombe asiye wangu. Alipozaa, ndama jike wa kwanza alikwenda kwa aliyefuata kwenye orodha, kama inavyotakiwa, na nilimsindikiza nyuma, mbali na kamba.

Wewe unayesoma, una ng'ombe, una shamba, una kiinua mgongo cha mzee, nisikilize mimi niliyeng'olewa sikio. Kitu usichoruhusiwa kukiona, usikilishe. Mtu akikupa jina badala ya hesabu, mfukuze. Weka kile ambacho kikipotea watoto watakula jioni. Na cha mwenzio kilichowekwa kwako usikiguse hata kwa nia njema, maana nia njema ndiyo iliyoshika mchi! Na kama nyumbani kwako kuna mtu anakuambia hapana huku mikono yake inanuka kazi, msikilize huyo kwanza, kabla ya mwenye cheni.

Eliakunda hajaniambia amenisamehe, na siulizi. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu ya kubana chuchu ya ng'ombe, kwa hiyo kila alfajiri tunakaa kukamua wawili, kamba siigusi, yeye upande wake, mimi upande wangu, ndoo katikati. Mkono wake mmoja na wangu mmoja. Jana maziwa yakaruka nje ya ndoo, akasema bila kunitazama:

"Taratibu, Mama. Unakamua kama unampiga mtu."