Foronya Imekosa Nini?

Katika ofisi ya wachora ramani za bahari, mwanamke wa meza ya dirishani huchana kitambaa chakavu kabla hajagusa penseli. Hukivuta taratibu, kisha hukodolea macho ukingo wake: hapa umekatika ghafla, pale umevutika, umekonda na kubaki nyuzi ndefu. Ndipo huchora, huku akipiga mluzi wa chini, jinsi gamba la dunia lilivyochanika bara lilipopasuka na bahari ikaingia. Mchoraji mkongwe wa meza ya pili anamwonea kijicho hadi usingizi unampaa. Yeye ukingo wa bara huuchora sawasawa kaskazini hadi kusini, kama shati lililopigwa pasi, na kila meli ya utafiti ikirudi na vipimo, vinamsuta.

Jana mkuu wa ofisi aliuinamia mchoro wa yule mama. “Ulijuaje kwamba kusini gamba linakatika ghafla?”

“Sikujua, mkuu. Vipimo viliyumba, nami nikayumba navyo.”

Mkongwe akachekea menoni, roho ikimuuma. Jioni, nyumbani kwake, akachukua foronya akaichana.

“Baba watoto,” mkewe akashangaa, “foronya imekukosea nini?”

Mumewe akausogeza ukingo uliochanika kwenye taa. Ulikuwa umenyooka kama rula.