Maneno Thelathini na Moja ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani huyu hakuwa na mshindani mtaani kwa nguo za kike. Wateja wake wakishasimama mbele ya kioo na futi kiunoni, walimmwagia kila kitu: mimba changa, waume wakorofi, hata yale ambayo wenyewe walisema hayasemeki. Yeye aliitikia "mm," pini zimebanwa mdomoni. Lakini nyumbani, mbele ya binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa bubu.

Binti alipewa jina la Mdadisi, kwa kuwa tangu aanze kusema hakuacha kuuliza. Zamani baba alikuwa na jibu moja: "Kamuulize mama yako." Mama alipofariki, kwa ugonjwa wa kutokwa na damu tumboni, jibu likawa: "Kaulize kompyuta." Mtoto akaenda kuuliza kompyuta.

Hapo ndipo jirani alipomtia baba kiwewe.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," jirani alisema, "na ulimwengu siku hizi umo humo ndani ya kompyuta."

Kesho yake akaletwa fundi kompyuta, akaweka programu ya kumdhibiti mtoto. Saa moja na nusu kwa siku, kisha skrini inajifunga. Na neno lililokatazwa likiandikwa, taarifa inakwenda moja kwa moja kwenye simu ya baba.

"Tuzuie maneno gani, mzee?"

Fundi wetu si mtu wa kazi nusunusu. Nyuma ya karatasi ya vipimo aliandika maneno thelathini na moja. Matusi yalikuwa manane tu. Yaliyobaki, Mungu amsamehe, yalikuwa viungo vya mwili, na mimba, na damu, na kila alichoogopa kuulizwa.

"Hata kifua? Mtoto akikohoa je?"

"Atakunywa dawa."

Wiki tatu zikapita shwari, naye akawatambia wateja kwamba malezi ni kazi nyepesi ukiwa na akili. Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anabana pindo la gauni la mwalimu mmoja pale simu ilipolia. Jaribio limezuiwa. Ikalia tena, na tena, mara kumi na moja. Na mtoto alitakiwa kuwa shuleni!

"Fundi, umenichoma!"

"Samahani, dada. Kuna mtu leo atanitambua."

Akamwacha mwalimu na pini zake, akashika njia bila kuzisoma taarifa zenyewe, huku akipanga maneno makali na kuyapangua. Moyoni, nyuma ya hasira, alikuwa na hofu tupu.

Alimkuta Mdadisi sebuleni, amekalia taulo, macho yamevimba. Baba hakuuliza. Alitoa simu amsomee mashitaka yake.

"'Damu inatoka haiachi,'" akasoma kwa sauti. "'Damu ya tumboni inarithiwa.' 'Mama alikufa kwa damu je mtoto…'"

Akaishusha simu.

"Ilianza jana mchana," Mdadisi akasema. "Nimeuliza kila namna, baba. Inaniambia niombe ruhusa kwa mzazi."

Baba akakaa chini sakafuni. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Si ugonjwa ule, mwanangu. Hufi. Ni kukua. Wanawake wote huipata, kila mwezi."

"Mama pia?"

"Mama pia."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Niliogopa kukwambia."

Mdadisi akamtazama, akapangusa pua kwa kiganja. Kisha akamwonyesha kwa kidole kamba ya uani, iliyojaa nguo kutoka ukuta hadi ukuta.

"Jana nilifua nguo zangu zote," akasema. "Na zako, za wiki mbili. Nilijua nikishakufa utazisahau kwenye ndoo."