Santuri Iliyowekwa Darini na Mbegu

Kwetu Mogitu kitu cha thamani hakikai sandukuni. Sandukuni kuna panya na mchwa. Kinapandishwa darini, juu ya mafiga, kwenye moshi, yanakokaa mahindi ya mbegu na maharage ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu, na anayepika akiinua macho anakiona. Kwa hiyo kaka yangu alipoitwa vitani, mama alichukua santuri ya kaka, akaifunga kwenye gunia safi, akaipandisha huko huko. Niliona ni jambo la akili kabisa. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Kaka alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Alipoanza kazi alinunua gramafoni ndogo ya betri na santuri moja ya dansi, basi. Jumamosi jioni aliiweka, akaenda jikoni kumvuta mama na mwiko wake mkononi, wakacheza. Mama alilalamika kwamba ugali unaungua, lakini sikuwahi kumwona akiwa wa kwanza kuachia mkono. Baba alifariki mimi sijaanza shule, hivyo tulikuwa watatu tu, na kelele zote za nyumba zilikuwa za kaka. Zilizobaki zilikuwa zangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa nyumbani naota kuwa mtangazaji wa redio, na kwa mazoezi nilitangaza hata kuku wakirudi bandani.

Alipoondoka, nyumba ilinyamaza. Vita ilikuwa mbali, upande wa Uganda, lakini kwetu ilifika kwa sauti ya gari. Kila mtu alijua kwamba habari mbaya ya askari inaletwa na Land Rover ya wilaya. Na sisi tulikaa kando ya barabara ya mashamba, ambako Land Rover hupita kutwa: za mabwana shamba, za mafundi, za wataalamu wa Kizungu. Kwa hiyo tuliogopa asubuhi, tukaogopa mchana, tukaogopa tena wafanyakazi wakirudishwa majumbani. Ngurumo ikianza kule bondeni mama anaacha kupepeta. Gari likipita bila kupunguza mwendo, anaendelea. Hatukuwahi kuizungumzia hofu hiyo. Tuliogopa kwamba tukiitaja itageuka njia na kuingia uani.

Msimu wa kupanda ulipofika mama aliteremsha mbegu. Mahindi yalikuwa safi, hayana hata tundu moja la fukusi. Kisha akafungua lile gunia. Santuri ilikuwa imejikunja, ukingo mmoja umeinuka na mwingine umelala, kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaipuliza masizi, akaiangalia muda mrefu.

"Mbegu zote zimetoka nzima," alisema. "Cha mwanangu peke yake ndicho kimeharibika."

Nilicheka kidogo ili naye acheke. Nikamwambia ni joto la moto tu, mama, hii ni plastiki. Aliifunga tena guniani. Kesho yake Land Rover ilinguruma bondeni, nikamtazama. Hakuacha kupepeta. Gari lilikuja, likapita, na yeye hakuinua kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Mama alikuwa ameacha kusikiliza. Nikaona kwamba santuri ile isiponyooka, tutamzika kaka moyoni kabla hatujaambiwa lolote, na mama atamfuata.

Nikatembea hadi Katesh kwa mzee mmoja wa duka la vitambaa, ambaye gramafoni yake ilisikika mpaka sokoni siku za Idi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona uso kama umefukuzwa na fisi?"

Nilipomweleza santuri ilikokuwa imewekwa, alicheka hadi akashika meza. "Mmeikausha kama nyama," alisema. Akaniuliza nilifikiria kuifanyaje. Nikamwambia pasi ya mkaa. Akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Pasi ni ya shati, mjukuu wangu. Ukiipiga pasi, itakuwa ya kufunikia mtungi tu."

Akanielekeza bila mzaha tena. Nitafute vioo viwili safi, vipana kuliko santuri, niilaze katikati. Niianike kwenye jua la asubuhi, si la mchana. Ikishalegea, niweke juu yake uzito uliotulia, niihamishie kivulini, na nisifungue mpaka ipoe yenyewe. Akarudia hilo la mwisho. Nikiwa na haraka, alisema, itarudi ilivyokuwa.

Vioo ndivyo vilivyonipa shida. Madirisha yetu yalikuwa ya mbao. Nyumba nzima ilikuwa na vioo viwili tu, vyote ukutani: kimoja kwenye picha ya Yesu na kondoo, kingine kwenye picha kubwa ya kaka amesimama kando ya kombaini, kofia imeegemea sikio. Nilisubiri mama aende shamba la chini. Nikamwomba Yesu radhi, nikazishusha zote mbili, nikatoa vioo polepole. Picha ya kaka niliilaza mezani, na kwa sababu vumbi lile la mashamba halingojei hodi, nikaifunika kwa kitambaa cheupe cha mama kilichoshonwa maua.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Niliilaza santuri kwenye jiwe bapa, kioo chini, kioo juu, na betri za gramafoni nikazianika pembeni ili zipate nguvu kidogo. Nilikaa nikiitazama kama mtu anayechungulia mgonjwa. Jua lilipoanza kuwa kali, ule ukingo ulikuwa umeshuka. Nikaivuta kivulini, nikaweka juu yake kifuko cha ngano, ile tuliyoipata kwa kuokota masuke kombaini ilipopita. Moyo ulikuwa mwepesi. Nilianza hata kutangaza, kimya kimya: wasikilizaji wapenzi, mgonjwa anaendelea vizuri.

Ndipo nikasikia kilio ndani ya nyumba yetu.

Mama jirani wa ng'ambo ya korongo alikuwa amekuja kuazima ungo. Alipiga hodi, hakujibiwa, akaingia. Akaona ukuta mtupu. Akaona kitambaa cheupe mezani kama sanda, akakiinua, na chini yake alikuwa kaka. Alitoka uani mikono kichwani, analia kwa lugha yetu, anamtaja mama na mwanawe. Nilimkimbilia nikimwambia hapana, hapana, lakini alinikumbatia kwa nguvu, akauminya uso wangu kwenye kanga yake, na kila nilichosema yeye alisikia ni msiba. Kule mteremkoni mwanamke mwingine akaitikia. Kisha mwingine mbali zaidi. Kilio kilikwenda kikishuka kilima kuelekea shamba la chini.

Nilipojinasua nilimwona mama anapanda. Hakuwa na jembe. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka, na alikuwa anakimbia kwa namna ambayo sijapata kumwona mtu mzima akikimbia, kama mtu anayeanguka kuelekea juu.  Nilimwita, lakini kilio cha mama jirani kilinizidi.  Alinipita, akaingia, akatazama ukuta, akakaa chini sakafuni.

"Ni kioo, mama," nilisema. "Nilichukua kioo tu."

Hakuelewa. Wanawake walikuwa wanazidi kuingia, wengine na watoto mgongoni, wanalia tangu mlangoni. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mashavu, jambo ambalo mtoto wa kwetu hamfanyii mama yake. Nikamweleza yote: mzee wa Katesh, jua, vioo, kitambaa cha kuzuia vumbi.  Waliacha kulia mmoja mmoja. Mama jirani alikuwa amesimama na ungo wetu kifuani.

Mama alinitazama. "Hakuna aliyekuja na habari?"

"Hakuna."

"Gari halikuja?"

"Halikuja, mama."

 Akasema, "Basi ipige niisikie."

Ilikuwa haijapoa. Niliijua hatari yake, na nilijua pia kwamba siwezi kumwambia asubiri. Nikaileta na vioo vyake, nikafungua. Ilikuwa imelala, ila upande mmoja tu bado ulikuwa na kijimlima. Nikaweka betri, nikashusha sindano. Ilipanda kile kijimlima, ikashuka, ikapanda tena, kama trekta linalovuka matuta, na sauti ya mwimbaji ikawa inayumba kama ya mtu anayeimba juu ya lori. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Mwingine akashauri nizime nisije nikamaliza betri.

"Mwacheni mwimbaji amalize," mama alisema.

Katikati ya wimbo Land Rover ikanguruma bondeni. Mama akageuza kichwa kuelekea barabarani. Alikuwa anasikiliza tena. Gari likapita.

Picha zilirudi ukutani saa ile ile. Lakini kilio ni kitu kingine, hakirudi. Tuliwatuma watoto kila upande kusema ni makosa, ila habari ya msiba ilikuwa imeshafika Dirma na Katesh, na habari ya kwamba hakuna msiba haikuwa na miguu kama ile.

Ngano ilipokuwa imeiva na kombaini zinaunguruma mchana kutwa, kaka aliteremka kutoka kwenye lori pale Katesh. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu alimwona, akaacha vitunguu vyake, akakimbia kama aliyeona mzuka. Mwingine alimwambia kwa mbali kwamba walishamlilia, kwamba kilio kilimkuta mama yake shambani. Kaka akamwuliza kama mama yuko hai. Yule mtu hakujua.

Kwa hiyo alikimbia, na mzigo wake wa kijeshi mgongoni, njia nzima. Sisi tulisikia mtu anahema uani. Aliingia jikoni amekonda, midomo myeupe kwa vumbi, akasimama. Mama alikuwa kwenye mafiga. Walitazamana, na sijui nani kati yao alikuwa ameogopa zaidi.

Kaka aliketi kwenye kigoda. Mama alimshika bega, akalishika tena, kama anayepima gunia limejaa kiasi gani. Nami kwa furaha na woga sikujua la kufanya, nikaenda kuweka santuri. Kaka alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mbona huyu mwimbaji anayumba hivi?"

"Alikuwa darini anakungoja," mama alisema. "Kula kwanza."