Mwenye Ugonjwa Ndiye wa Kuambiwa

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, Wakesho mwanangu, na kwa kuwa wiki ijayo unaanza kazi ya udaktari, nimeona nikusimulie kabla hujaondoka. Mama yako anaijua habari hii nusunusu tu. Yeye ni mdogo wangu, na wakati huo alikuwa bado shuleni kule Bura. Nami kwa miaka mingi sikupenda kuzungumzia jinsi mume wangu wa kwanza alivyokufa.

Aliitwa Mwadime. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge Mwatate, mtu mrefu, mcheshi, mwenye kupenda chakula. Siku alipoanza kurudisha sahani ikiwa imejaa ndipo nilipojua kuna jambo. Tumbo likamvimba upande wa kulia, macho yakawa ya manjano, tukampeleka hospitali moja Voi, akalazwa.

Asubuhi hiyo madaktari walinikuta bado namnywesha uji. Ilikuwa saa ya raundi, wanapopita kitanda hadi kitanda kuwatazama wagonjwa. Mkubwa wao alikuwa kijana, kama wewe hivi, na wanafunzi wakimfuata nyuma. Muuguzi aliniashiria nisogee, nikasimama ukutani na kikombe mkononi. Daktari alimpapasa Mwadime tumbo, akainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, kisha akawageukia wenzake na kuongea Kizungu. Aliongea kwa muda mrefu. Nilimwona mwanafunzi mmoja, msichana, akimtupia Mwadime jicho halafu akaangalia sakafu. Kizungu changu kilikuwa cha kusalimia tu. Mwadime naye, katika maneno yote yale, alinasa moja tu, "home", yaani nyumbani.

"Daktari, narudi nyumbani?" akauliza.

"Ndiyo, ndugu. Nyumbani utapumzika vizuri," daktari akajibu, akampigapiga begani, wakahamia kitanda kingine.

Mwanangu, ungemwona alivyofurahi. Aliwaaga wenzake wa wadi mmoja mmoja, akiwaambia wasikate tamaa, nao zamu yao itafika.

Mama yake alikuwa akiishi Taveta, kwenye shamba lake la ndizi. Alijua mwanawe anaumwa, lakini hakujua kiasi gani. Tulipofika nyumbani nikataka kumwita. Mwadime akakataa.

"Ngoja ninenepe kidogo," akaniambia. "Mama akiniona nilivyokonda atalia bure. Nitaenda mwenyewe, anione natembea."

Basi tukangoja anenepe. Nilimpikia kila alichokuwa akikipenda zamani. Alionja, akanisifu, akarudisha sahani. Jioni alikaa nje akiniambia vile tutakavyoongeza chumba, na mahali atakapopanda mipapai mvua zikianza. Nilimtumia mama mkwe salamu kwamba mwanawe ametoka hospitali na anaendelea vizuri. Mwezi haukuisha. Alikufa mchana, mimi nikiwa mlangoni nachambua maharagwe. Nilimwita aniambie kitu, hata sikumbuki kitu gani, akawa haitiki.

Mama mkwe alifika akamkuta amefunikwa shuka. Hakupiga mayowe. Alikaa chini kando yake, akamshika mguu, akakaa vile mpaka watu wakaanza kunong'onezana. Kisha akaniuliza, "Mlijua?"

Nikamwambia hatukujua.

"Na daktari, alijua?"

Baada ya mazishi akaniomba nimpeleke Voi. Tulikaa kwenye benchi nje ya wadi mpaka raundi ikaisha, na yule daktari kijana alipotoka, mama mkwe akasimama mbele yake.

"Mimi ndiye niliyemzaa Mwadime," akasema. "Tumemzika. Sikuja kugombana, mwanangu. Nataka kujua alikuwa na nini."

Daktari alinitazama, akanikumbuka. "Ilikuwa saratani ya ini, mama. Ilikuwa imeshaenea, hatukuwa na la kufanya. Nilieleza siku ile, palepale kitandani."

"Ulimweleza nani?"

Daktari akaketi kwenye benchi letu. "Niliona nikimwambia yeye, nitamvunja moyo," akasema.

"Moyo ungevunjika, ni kweli," mama mkwe akamjibu. "Lakini ungevunjikia kwangu. Angekuja nikamshika."

Alisema polepole, bila hasira, na nadhani ndiyo sababu yule kijana alishindwa kuyazuia machozi yake. Akaomba radhi. Mama mkwe akamwambia amemsamehe, ila arudi ndani, wapo wengine wamelala humo hawajui wanangoja nini. Kama alirudi akawaambia, sijui.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipomtembelea alinitaka nimsimulie zile siku za mwisho, alikula nini, alicheka na nani, alimtaja lini mama yake. Nilimsimulia yaleyale kila mara, naye akasikiliza kana kwamba ni mapya.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapofika kwenye kitanda cha mtu, zungumza naye kwanza, wenzako watangoja. Tumia lugha anayoielewa, na kama hukijui Kidawida au Kikamba chake, mtafute anayekijua. Mwulize amesikia nini katika uliyosema, usitosheke akiitikia kwa kichwa, maana wengi wetu huitikia kwa heshima tu. Habari ikiwa mbaya, keti, umwambie taratibu, na usiondoke upesi. Pengine yuko mtu anayetaka kumwona, na siku alizobaki nazo ni zake mwenyewe, si zako wewe kumfichia.

Nenda salama, Wakesho. Mungu akutie nguvu mikononi na upole mdomoni, na kila atakayelala mbele yako akuone kama mtu wa kwao. Amina.