Povu Mdomoni mwa Ndugu Yangu

Kitinda mimba wetu alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kilipomshika alianguka, akatetemeka, akatokwa na povu, kisha akaamka akiomba chai. Alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na maisha yakaendelea.

Kwetu Langas, mtaa wa Eldoret, wengi huamini kwamba ukiguswa na lile povu, nawe utapata kifafa. Kwa hiyo alipoanguka karibu na wauza mboga, majirani zetu, watu wazuri tu tunaoombana nao chumvi, walirudi nyuma wakamzunguka kwa mbali. Mmoja akatoa simu akarekodi. Jioni hiyo televisheni ikatangaza kwamba dawa mpya ya kulevya inageuza vijana wa Eldoret kuwa mazombi, hata watu wanawakimbia. Katika video hiyo, vidonge vilivyomwagika kutoka mfukoni mwake vilizungushiwa duara jekundu.

Nilikasirika hadi nikakosa maneno. Nilifunga kibanda changu cha mitumba nikaenda kumtafuta mwandishi wa habari ile. Nilitarajia shetani, nikapata kijana mwenye adabu aliyenivutia kiti.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini kifafa kila mtu anajua. Editor hawezi weka hiyo kwa news ya saa moja. Drugs ndio watu wanaangalia."

"Sasa mtarekebisha?"

"Nitaongea na yeye." Akanipa namba yake ya simu. Hawakurekebisha chochote.

Ndugu yangu alikuwa akipakia mahindi kwenye malori katika mji wa Turbo. Wenzake walianza kumwita zombi kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki. Msimu wa mavuno alilala hukohuko, lakini sasa vidonge aliviacha nyumbani. Nilimgombeza, nikambembeleza.

"Nikikamatwa navyo, nani ataniamini?" akaniuliza.

Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Kifafa kilimshika akiwa juu ya lori lililojaa magunia. Alianguka chini kwa kichwa, na safari hii hakuamka.

Baada ya mazishi nilimpigia yule mwandishi. Nilitaka kitu kimoja tu, waseme hewani kwamba ndugu yangu alikuwa mgonjwa, si mlevi wa dawa. Nilimweleza yote, hata alivyoanguka kutoka juu ya lori.

"Pole sana, Mama," akasema. "Wakati alianguka, kuna mtu alirekodi?"