Cheti cha Nne kwa Fundi wa Fremu

Kwa fundi wa fremu pale Magongo nilimkuta mwandishi mwenzangu, aliyetwaa tuzo kuu ya uandishi wa habari kwa mara ya nne, akikabidhi cheti kipya.

"Bibie, ukutani bado pana nafasi?" fundi akamtania.

"Nimeiondoa saa, ndugu yangu. Saa nitaangalia kwenye simu."

Ushindi wa mfululizo una maelezo matatu: majaji wanapendelea, washindani ni dhaifu, au mshindi anaandika vizuri. Mawili ya kwanza nimeyachunguza kwa makini nikakosa ushahidi. La tatu nimeliahirisha.

"Na wewe, bwana, umetuletea nini?"

Wote wawili wakanitazama. Nikakibana kwapani cheti changu cha kushiriki, nikajibu kwamba natafuta kioo cha kujitazamia.