Nyota Iliyochakazwa kwa Makusudi

Karani wa masijala aliamua kwamba mwaka huu pambo la sikukuu atalitengeneza mwenyewe. Mkewe alikuwa ameshamwambia kwamba mfuko hauruhusu mapambo ya dukani, naye alikuwa ameona kwenye simu kwamba watu wa maana siku hizi hawanunui. Wanagongagonga mbao chakavu na kuzitundika sebuleni. Tena kadiri zinavyochakaa ndivyo wanavyosifiwa. Habari hiyo ilimpendeza mno, maana kati ya kazi zote za mikono, kuchakaza ndiyo pekee aliyojiona anaiweza.

Ila kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu. Sikukuu hiyo baba mkwe angekuja kukaa nao wiki nzima. Mzee alikuwa seremala mstaafu, mtu ambaye akiingia nyumba ya watu hupitisha kiganja chini ya meza kabla hajauliza hali ya wenye meza. Kwa miaka tisa ya ndoa, alichowahi kusema juu ya mkwewe ni kwamba ana mwandiko mzuri. Karani alitaka neno la pili, na alilitafuta kwa udi na uvumba.

Mbao alizipata bure nyuma ya duka la vigae, kwenye makreti yaliyotupwa. Bahati mbaya zilikuwa nzuri: nyeupe, imara, hazina hata ufa. Ikabidi azizeeshe. Akazipiga kwa mnyororo wa baiskeli jioni tatu mfululizo, akazipaka siki iliyolowekwa stilwaya ya kusugulia sufuria mpaka zikawa za kijivu, na nyumba nzima ikanuka siki hadi kwenye mito ya kulalia. Kisha akaunga nyota ya ncha tano, akapima kila kona mara nne kwa rula ya ofisini, na misumari akaiacha vichwa nje, kama simu ilivyoagiza. Mkewe aliuliza kama misumari imemshinda. Alijibiwa kwamba hajui sanaa.

Mzee alifika, akaketi mkabala na nyota, akala chakula chake chote akiitazama. Baadaye jikoni, kwa sauti ya chini iliyosikika vizuri sana sebuleni, alimuuliza binti yake kama mumewe bado yuko kazini au amepunguzwa.

Kesho yake karani alikwenda ofisini amenywea. Huko lakini alipata nafuu. Alipoonyesha picha ya nyota masijala nzima iliacha mafaili, na dada wa mapokezi akaomba atumiwe picha hiyo, akaahidi kupita na wenzake jioni waione kwa macho. Karani alirudi nyumbani kichwa juu.

Uani alikuta maranda yametapakaa hadi kwenye ndoo za maji. Mzee alikuwa na randa mkononi. Kumbe husafiri nayo, maana kwa mabinti zake milango haikosi kukwama. Nyota ilikuwa juu ya stuli. Misumari imezamishwa, matundu yamezibwa kwa gundi na unga wa mbao, uso umepigwa msasa hadi mbao zikarudi nyeupe kama siku zilipotoka kiwandani, na juu yake vanishi inang'aa, vanishi ambayo mke ndiye aliyetumwa dukani kuinunua. Mke mwenyewe alisimama mlangoni, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika.

Karani aliumia. Alikuwa na hotuba nzima kooni, ya uchakavu, ya mitindo, ya simu.

"Nimekumalizia, mwanangu," mzee alisema. "Kazi za ofisi nazijua, mtu hapati nafasi. Lakini kona zako zimekutana zote. Sikugusa hata moja. Mikono unayo."

Karani alimeza hotuba yake yote.

"Asante, baba," alisema. "Nilikuwa nimekwama kwenye randa."

Jioni dada wa mapokezi alifika na wenzake wawili. Aliitazama nyota ukutani, ikiwa bado inanata, akaitazama picha kwenye simu yake, kisha akauliza ile nyingine, ile nzuri ya kizamani, imekwenda wapi. Mzee aliinua macho akamtazama mkwewe.

"Ile nilikuwa sijaimaliza," karani alisema, akavuta kiti chake karibu na cha mzee.